Nimefungiwa Kutoa Maoni Bila Kuelezwa Kosa Langu

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma tovuti moja ya habari na kuandika maoni yangu hapo kwa jina langu kamili. Hivi karibuni niliuliza kwa nini takwimu iliyo kwenye kichwa cha habari hailingani na ile iliyo ndani ya habari yenyewe. Tangu hapo, kila nikibonyeza kitufe cha kutuma, hutokea maneno mawili tu: “Hujaruhusiwa kuchangia.” Sikumtukana mtu, na barua pepe niliyowaandikia haijajibiwa. Je, wana haki ya kunifungia bila kuniambia kosa langu?
Msomaji aliyeomba jina lake lisichapishwe

JIBU: Ndugu msomaji, haki ya kukufungia, kwa sehemu kubwa ya dunia, wanayo. Ibara ya 19 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inalinda uhuru wako wa kutoa maoni, lakini haililazimishi gazeti la mtu binafsi kuchapisha kila linaloandikwa na msomaji. Kukunyima sababu ni jambo jingine kabisa, na hapo naona umekosewa, kwa kuwa chombo kinachowadai viongozi maelezo kila siku hakiwezi kukwepa kutoa maelezo kwa wasomaji wake.

Hata hivyo, usiamini haraka kwamba kuna mhariri aliyechukizwa na swali lako, kwa maana mara nyingi anayefunga ni programu. Mwaka 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kujiandikisha na kampuni ya huduma za intaneti ya AOL kwa sababu tu kichujio, yaani programu ya kuzuia maneno yasiyofaa, kiliona neno la matusi katikati ya jina la mji wao. Vichujio vya leo ni vya kisasa zaidi, lakini bado hunasa wasio na hatia: kiungo kilichowekwa ndani ya maoni, malalamiko ya wasomaji kadhaa yaliyotumwa kwa pamoja, au anwani ya intaneti (namba inayoutambulisha mtandao wako) unayoitumia pamoja na watu usiowajua, ambayo mmoja wao aliitumia vibaya. Kwa hiyo jaribu kutuma maoni kwa akaunti yako kupitia mtandao mwingine. Ukikubaliwa, huenda tatizo lilikuwa kwenye anwani hiyo. Ukikataliwa tena, huenda kilichofungwa ni akaunti yenyewe.

Iko pia hofu ya kisheria, nayo ina msingi. Katika kesi ya Delfi, tovuti ya habari ya Estonia, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali mwaka 2015 kwamba tovuti hiyo inaweza kuwajibishwa kwa maoni ya matusi na vitisho yaliyoandikwa na wasomaji wake. Fidia ilikuwa euro 320 tu, lakini wahariri wengi walielewa kwamba maneno ya mgeni yanaweza kuwafikisha mahakamani. Hofu hiyo inaeleza kwa nini wanafuta upesi. Haielezi kwa nini wananyamaza.

Kuhusu sababu, sheria hutofautiana. Katika Umoja wa Ulaya, kifungu cha 17 cha Sheria ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022 kinazitaka huduma zinazohifadhi maudhui ya watumiaji kumpa aliyefungiwa sababu mahususi na zilizo wazi, pamoja na kumweleza namna ya kulalamika. Nchini Marekani, kifungu cha 230 cha Sheria ya Maadili ya Mawasiliano (Communications Decency Act) ya mwaka 1996 kinampa mwenye tovuti kinga pana anapoondoa maudhui kwa nia njema. Basi kabla ya kutaja sheria yoyote, angalia tovuti hiyo imesajiliwa wapi, kisha usome kanuni zake za maoni, ambazo wengi wetu huzikubali bila kuzifungua.

Waandikie upya, kwa ufupi na bila lawama: “Akaunti yangu imezuiwa. Maoni yangu ya mwisho yalikuwa haya, nimeyanakili hapa chini. Naomba kujua ni kanuni ipi niliyoivunja, uamuzi ulifanywa na mtu au programu, na nani anapokea rufaa.” Ipeleke kwa mhariri anayeshughulikia malalamiko ya wasomaji, kama yupo, badala ya anwani ya jumla ambayo huenda ndiyo iliyoimeza barua yako ya kwanza. Tafadhali usifungue akaunti nyingine kwa jina la bandia; huko ndiko kuwapa sababu ambayo hadi sasa hawana.

Lile swali lako la takwimu nalo lisiachwe lifie hapo. Litume kwenye dawati la wahariri kama ombi la masahihisho, ukizinukuu sentensi mbili zinazopingana, kwa kuwa ombi la namna hiyo halihitaji akaunti. Wakikaa kimya na hilo pia, lipeleke kwenye baraza la habari linalosimamia maadili ya chombo hicho, ukiambatanisha nakala za barua zote mbili.