Je, kozi ya wiki moja inatosha kuanza kutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza kozi ya wiki moja ya laparoskopi, yaani upasuaji wa kupitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo ya tumbo, unaweza kuanza kutoa mifuko ya nyongo peke yako. Bado. Nami niliwahi kudhani inawezekana.

Nilikuwa tayari daktari bingwa wa upasuaji, matumbo nimefungua mengi. Siku ya kwanza kwenye sanduku la mazoezi nilihangaika kuokota kipande cha plastiki na kukivisha kwenye kijiti. Chombo kinapita kwenye tundu, na tundu hilo linageuka egemeo: mkono ukienda kulia, ncha ndani inakwenda kushoto. Unatazama skrini bapa, kina hukioni, na vidole havigusi nyama.

Kilichonisaidia ni nusu saa kila siku, kwa miezi. Mazoezi ni yale matano ya mtihani wa FLS wa Marekani, unaopima misingi ya upasuaji wa laparoskopi: kuhamisha vipande, kukata duara kwenye shashi, kufunga kitanzi, kisha kushona kwa fundo linalofungwa nje na linalofungwa ndani ya mwili. Hilo la ndani ndilo lililonitesa. Uzi wa sentimeta 15 tu, unauzungusha mara mbili kwenye koleo, na kila ukitaka kuvuta ncha, mizunguko inachomoka. Rudia mpaka mikono ifanye bila kuiamrisha.

Lakini mikono si hatari kubwa. Hatari ni jicho kuamini haraka. Katika mmoja wa wagonjwa wangu wa mwanzo nilishaufikisha mkono kwenye mrija niliodhani ni wa mfuko wa nyongo, klipu ya kuubana tayari, mkufunzi wangu akanizuia: "Nionyeshe ini kwanza." Nikaendelea kusafisha mafuta taratibu. Kumbe niliyotaka kuikata ilikuwa njia kuu ya nyongo, inayotoa nyongo kwenye ini kwenda kwenye utumbo, imevutwa juu na uvimbe. Hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Ukiikata hiyo, umempa mgonjwa upasuaji mwingine mkubwa, na pengine maradhi ya ini ya maisha.

Kwa hiyo shika masharti aliyoyaeleza daktari wa upasuaji Strasberg mwaka 1995: pembetatu iliyo kati ya mrija wa mfuko, njia ya nyongo na ini iwe safi, bila mafuta, theluthi ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kwenye ini, na uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko: mrija wake na mshipa wake wa damu. Usipoviona, usikate. Ita mwenzako, au fungua tumbo. Kufungua si kushindwa, na mgonjwa aelezwe hivyo kabla hajalazwa usingizi.

Daktari wa upasuaji Erich Mühe alipotoa mfuko wa nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, hakuwa na wa kumtangulia. Wewe unaye. Tafuta mmoja akubali kusimama nawe mezani, anza kwa kumshikia kamera, kisha umfanyie sehemu ya kazi, halafu yote yeye akiwepo. Rekodi kila upasuaji, mgonjwa akiwa ameridhia, na jioni mwangalie pamoja dakika zile za kabla ya klipu.