Nyumba nafuu na salama karibu na katikati ya jiji

Je, kupanga nje kidogo ya katikati ya jiji kunapunguza gharama kweli? Ndiyo, ukisogea vituo viwili vitatu vya treni au basi nje ya katikati kwa kawaida unaokoa, hata ukijumlisha nauli. Ardhi ya katikati inagombewa na ofisi, hoteli na maduka, ndiyo maana kodi hushuka kadiri unavyotoka nje. Ila piga hesabu ya mwezi mzima: kodi, nauli, maji, umeme na ada ya huduma ya jengo. Ada hiyo ndiyo huwaponza wengi, maana mara nyingi haitajwi kwenye tangazo.

Kuhusu usalama, usitegemee sifa ya mtaa peke yake, kwani mtaa mmoja unaweza kuwa na barabara tulivu na nyingine ya kuogofya. Mimi nimehama mara nne, na kila mara nilienda kuangalia saa mbili au tatu usiku, kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni. Taa zinawaka? Kuna watu njiani? Lango linafungwa kweli? Kisha waulize wapangaji wa jengo hilo, hasa wanawake wanaorudi usiku. Usimtegemee dalali kwa hilo, maana yeye anataka kamisheni yake.

Na tafadhali, usitume amana kabla hujaingia ndani ya nyumba na kuona mkataba wenye jina la mwenye nyumba. Bei ikiwa chini mno kuliko nyumba jirani na unaharakishwa kulipa, achana nayo.

Kama unafanya kazi za usiku, hakikisha kwanza usafiri wa mwisho ni saa ngapi; teksi za kila siku zitameza chote ulichookoa.