Usiwasome majina mstarini

Shule zilipofunguliwa Juni 29, 2020, baada ya kufungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, nilikuta darasa langu la nne lina watoto kumi na tisa wasioweza kusoma hata sentensi moja. Nikayaorodhesha majina yao, nikayasoma mstarini asubuhi: "Hawa wanabaki na mimi saa nane." Wenzao wakaangua kicheko. Siku ya kwanza walibaki kumi na watano, wiki iliyofuata sita. Nikawaita wavivu.

Mwalimu mwenzangu, ukianzisha darasa la kufidia la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anza na aibu kabla ya silabi. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye kila zamu yake ya kusoma ikikaribia, huomba ruhusa akalowanishe kitambaa cha kufutia ubao. Hakuna shule wilayani iliyokuwa na ubao safi kama wetu.

Jumamosi moja nikamkuta sokoni kwenye genge la mama yake. Mteja kachukua mafungu matatu ya nyanya, la shilingi 500 kila moja, katoa noti ya elfu tano. Kijana kamrudishia elfu tatu na mia tano bila hata kuangalia juu. "Shikamoo mwalimu," akasema, akaendelea kupanga nyanya. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika hajui kutoa.

Jumatatu niliweka kitabu pembeni, nikaandika ubaoni: NYANYA FUNGU 500. Nikamwomba atufundishe biashara. "Nya" ileile iliyomshinda kitabuni ilimtoka bila shida, na kutoka hapo tukaenda kwenye nyama, nyasi, nyumba.

Saa nane pia niliiacha. Mtoto ana njaa, na mpira anausikia uwanjani. Tulihamishia kipindi asubuhi, darasa la tatu hadi la tano kwa pamoja, kila mtoto akienda kwenye kundi la kiwango chake. Njia hiyo imeenezwa sana na shirika la Pratham la India. Kila mtu akihama chumba, nani atamcheka nani? Ila wa la tano usimkalishe na watoto wa la kwanza. Hatarudi.

Na uji. Siku sukari ikiisha, mahudhurio yanashuka, kundi lolote, mbinu yoyote. Hilo bado linanishinda.