Maswali ya walimu wa Kigoma: JzU si daftari la mahudhurio

Maswali ya safari hii yametoka kwa walimu wa mkoa wa Kigoma, na karibu yote yanagusa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hasa vile vikao vyake vya Jumuiya za Ujifunzaji (JzU).

Kila wiki tunakutana, tunasoma moduli za mafunzo kwa zamu, tunasaini, katibu anaandika ripoti. Darasani hakijabadilika kitu. Tunakosea wapi? (Mwalimu, Kasulu)

Mnaanza na moduli kabla ya daftari la mtoto. Kikao kijacho kila mmoja aje na madaftari matatu ya Hisabati, na asichague yale masafi. Tafuteni kosa moja. Tuseme mtoto wa darasa la tatu ameandika 52 − 27 = 35. Huyu hajabahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 haitoshi kutoa 7, akaigeuza: 7 toa 2, 5. Makumi 5 toa 2, 3. Anaamini ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, na huenda ni sisi tuliomwambia hivyo darasa la kwanza.

Hapo sasa mna kazi. Andaeni pamoja somo moja la kutoa kwa kukopa: vijiti vifungwe kumikumi, mtoto mwenyewe afungue fungu moja apate mamoja 12. Mmoja wenu afundishe. Wengine wakae nyuma, macho yao yawe kwa watoto, si kwa mwalimu: nani kafungua fungu, nani kanakili kwa jirani. Siku hiyohiyo rudini mezani, rekebisheni andalio, na mwingine alifundishe mkondo wa pili. Walimu wa Japani wanafanya hivi tangu karne ya 19, na hawakuanza na projekta. Baada ya hapo fungueni moduli, maana mtakuwa na la kuiuliza. Ripoti? Nusu ukurasa: kosa, tulichojaribu, kilichotokea.

Nina walimu wawili wakongwe. Nikisema tuingie madarasani kuangaliana, wanasema huo ni ukaguzi. (Mwalimu Mkuu, Kibondo)

Wana sababu. Miaka yote, aliyeingia darasani na kalamu mkononi alikuwa mkaguzi. Leo anaitwa mthibiti ubora, lakini hofu haiondoki kwa kubadili cheo. Anza na kipindi chako, mwalimu mkuu. Waalike hao wawili wakutazame, kisha wao ndio waanze kusema. Wewe nyamaza uandike. Na yanayosemwa kwenye JzU yasikanyage kwenye upimaji wa utendaji wa mtu. Siku yatakapokanyaga, mtarudi kusomeana moduli.

Vikao hivi vina posho? (Mwalimu, Kakonko)

Cha shuleni ni sehemu ya kazi, usikisubirie posho. Ukiitwa kuvuka kata, ulizia nauli kabla hujapanda pikipiki.

Tupo wanne, Hisabati ya madarasa ya juu ni yangu peke yangu. Kwenye klasta (kundi la shule jirani) tunakwenda kwa boti, na ziwa likichafuka hatutoki. (Mwalimu, mwambao wa Uvinza)

Mwite mwalimu wa Kiswahili akutazame. Mafumbo ya Hisabati watoto wengi huyashindwa kwenye kuyasoma, kabla hata ya kukokotoa, na hilo yeye ataliona upesi kuliko wewe. Kwa wenzako wa ng'ambo, piga picha ya daftari (ficha jina la mtoto), ambatisha sauti fupi, tuma kwa WhatsApp. Hata mtandao wa kusuasua hubeba hivyo. Video achana nazo.

Darasa la kwanza wanakuja na Kiha tupu. Mwenzangu kikaoni anasema dawa ni kuwakataza. Mimi nimetoka Tanga. (Mwalimu, Buhigwe)

Ukimkataza utapata mtoto bubu, na bubu humjui alichokosea. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule ya msingi, hilo halina ubishi, ila Kiha nacho ni Kibantu na mtoto ana pa kushikia. Anayeandika "kura" akitaka "kula" si mzembe. Sikio lake halijatenganisha r na l. Mpe mazoezi ya jozi, asikilize kwanza, aandike baadaye: kula na kura, mahali na mahari. (Hii ya pili hata wakubwa huwachekesha.) Kikaoni waombe walimu Waha wakuandalie maneno ya Kiha ya somo la wiki inayofuata, pamoja na matamshi. Ujifunze wewe kwanza.