Bunduki ya visahani: nyepesi au nzito?

SWALI: Nataka bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Muuzaji ananisifia moja ya kilo 2.8. Ninunue? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hiyo inamfaa mwindaji wa ndege anayetembea kutwa. Ukifyatua risasi 100 itakuumiza bega, tena, kwa wepesi wake, ni rahisi kuisimamisha mkononi kisahani kingali kinakwenda, ukapiga nyuma yake. Tafuta geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ya kilo 3.5 hivi, mitutu ya inchi 30, choki (vibana mdomo wa mtutu) za kubadilisha.

Ila kitako, sehemu inayokaa begani, ndicho kinachoamua. Hakikisha bunduki ni tupu, fumba macho, iweke begani, fumbua. Ukiona chuma cha nyuma ya mitutu tu, shavu limekaa chini mno, utapiga chini. Reli ya juu ya mtutu ikionekana kama barabara ya kupanda Kabale, utapiga juu. Kati ya pua na gumba la mkono unaofyatua vipite vidole viwili. Pua ikigusa gumba, kitako ni kifupi.

Ikiwa imetumika, ifunge bila risasi na uitikise: ikilegea kwenye bawaba, iache. Na kibali cha polisi kitangulie malipo.