Felti ya chini ya vigae: izibwe au ibadilishwe?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nyumba yetu ipo Tanga, iliezekwa vigae vya udongo mwaka 1993, na chini ya vigae kuna felti nyeusi ya lami. Masika iliyopita dari lilipata madoa, mengi upande wa kusini karibu na ukuta wa nje. Fundi mmoja anataka tufumue paa zima. Mwingine anasema atabandika viraka kwa ndani, kazi ya siku moja. Nimsikilize yupi?

JIBU: Salama, ndugu. Huyo wa viraka vya ndani mwache. Maji huteremka juu ya felti, kwa hiyo yakifika kwenye tundu yataingia, yatatuama kati ya felti na kiraka, kisha yatatafuta pa kutokea pembeni. Isitoshe, hakuna gundi inayoshika vizuri kwenye felti yenye vumbi la miaka 30. Huyo wa kufumua paa zima naye amekimbilia bei kabla ya kupima.

Vigae ndivyo vinavyomwaga mvua. Felti inadaka maji machache yanayopenya kwenye maungio, hasa upepo wa kusi unapoisukuma mvua, na kuyapeleka kwenye gata. Kwa hiyo doa darini kwa kawaida ni dalili ya vitu viwili vilivyoharibika: kigae kilichopasuka, kofia (kigae cha kileleni) iliyoachia au bati la bondeni, miteremko miwili inapokutana, lililooza, na felti iliyo chini yake. Ukibadilisha felti ukaacha kigae kibovu, umehamisha tatizo tu.

Panda ndani ya paa mchana, zima taa, usubiri macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga itie alama ya chaki kwenye kenchi iliyo jirani. Kipimo cha pili kifanye asubuhi na mapema, kwa sababu lami ikipata joto la mchana hulainika na kukudanganya. Huna haja ya kukata kitu: felti zinapopandiana, ukingo wa juu wa ile ya chini huonekana kwa ndani. Ushike, uukunje hadi ujilalie wenyewe. Ukipinda bila kupasuka, felti bado ina maisha. Ukikatika na kumwaga chenga, imekwisha. Rudia sehemu tatu: karibu na kofia, katikati, na chini jirani na fishabodi, ule ubao wa ukingoni unaoshika gata.

Kwa maelezo yako, nategemea ya chini ndiyo itakayokatika. Hapo jua huipiga felti inapochungulia kwenye gata, na nyuma ya fishabodi hulegea ikafanya kidimbwi. Kama katikati na juu bado inakunjika, badilisha ukanda wa chini tu. Ondoa safu tatu za vigae, wakati mwingine nne, ng'oa papi zake (mbao nyembamba zinazobeba vigae), kisha kata felti iliyooza. Pigilia kipande cha plaiwudi au bati lililokunjwa nyuma ya fishabodi ili felti mpya isilegee tena. Ukanda mpya wa upana wa mita 1 uingie chini ya felti ya zamani sentimita 15 au zaidi, na mwisho wake uning'inie sentimita 5 ndani ya gata. Ya juu lazima ilalie ya chini. Ikigeuzwa, maji yote yanaingia ndani. Kwa ukanda huu nunua felti inayostahimili jua, hata kama bei imepanda kidogo.

Kama ya katikati nayo inakatika, fumua mteremko huo wote. Gharama kubwa ni ya kushusha na kupandisha vigae, si ya felti, kwa hiyo kuruka ruka na viraka ni kulipa ufundi mara mbili. Lakini ni mteremko wa kusini tu. Wa kaskazini ukifaulu kipimo, uache.

Kwa mteremko wa mita 12 kwa 5, yaani mita za mraba 60, roli moja ya felti ya kisasa inayopitisha mvuke, ya mita 1.5 kwa 50, inatosha: safu nne za mita 12, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa sentimita 15, na masalio yakivuka kofia. Papi zikipangwa kila sentimita 32 utahitaji karibu mita 200 za mbao iliyotiwa dawa. Pima nafasi ya papi zako mwenyewe kabla hujanunua. Vigae vya aina hii huenda takribani 15 kwa mita ya mraba, kwa hiyo vipo kama 900. Tafuta vya akiba 90. Nenda na sampuli mkononi, maana vya kiwanda kingine mara nyingi havikamatani na vya kwako. Vya nyumba inayobomolewa huwa ndiyo bahati.

Felti isivutwe ikakaza kama ngoma. Iache ilegee milimita 10 hadi 15 kati ya kenchi na kenchi, maji yapite chini ya papi. Ikikazwa, maji husimama nyuma ya papi na mbao huoza kabla ya felti. Tumia misumari iliyopakwa zinki, chumvi ya bahari haina huruma na ya kawaida. Usikubali nailoni ya msingi kuwa mbadala: inazuia mvuke, na alfajiri utapata matone darini bila mvua. Wala mtu asikujazie saruji kwenye maungio ya vigae, maana anaziba njia ya maji kutoka.

Fanya kazi kati ya Juni na Septemba, na kila siku mfumue sehemu mtakayoweza kuifunika kabla ya jioni. Kabla ya kurudisha dari, mwagia paa maji kwa mpira ukianzia chini kwenda juu, dakika 15 kila sehemu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi.