Juisi ya Vepu Haivundikwi kwa Saa Mbili

Anayejua kuvundika ndizi anaujua pia mtego wake: mkungu uliokatwa mchanga ukafukiwa shimoni hutoka na ganda la manjano linalovutia, ila ukimega unakuta ukakasi uleule wa ndizi mbichi. Juisi ya vepu (sigara ya kielektroniki) iliyochanganywa nyumbani kisha ikaharakishwa kwa moto ina tabia hiyohiyo. Ahadi inayozunguka kwa wachanganyaji ni kwamba saa mbili kwenye maji ya moto ni sawa na wiki tatu za kuiacha iive kabatini. Si kweli. Moto unasaidia, tena sana, lakini unasaidia kazi moja kuliko nyingine, na asiyezitenga hizo kazi mbili ndiye anayeishia kuharibu fleva ya bei.

Kazi ya kwanza ni kuchanganyika. Juisi ni vitu vinne tu: PG (propileni glaikoli), VG (gliserini ya mimea), fleva na nikotini. PG ni nyepesi, inamiminika bila shida. VG ni nzito kama asali, na ndiyo inayokataa kuelewana na wenzake. Hapa moto ni bingwa: gliserini iliyotoka kwenye nyuzi 20 kwenda nyuzi 50 hupungua uzito wa kumiminika takriban mara 10. Fleva iliyokuwa imejikunja pembeni inasambaa chupa nzima kwa dakika chache.

Kazi ya pili ni kuiva kwenyewe, yaani kemikali za fleva kuathiriana zenyewe kwa zenyewe na kuathiriana na PG. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walionyesha kuwa fleva za kundi la aldehidi, vanilini ikiwamo, huungana na PG ndani ya chupa na kuzaa kemikali mpya, asetali, bila hata kupashwa moto. Ukinusa juisi ya kastadi ya siku ya kwanza na ya wiki ya tatu huhitaji maabara kujua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Sasa piga hesabu. Kanuni ya kukadiria katika kemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko huwa maradufu. Kutoka nyuzi 20 za kabatini hadi nyuzi 50 za kwenye maji ni mara 8. Saa 2 kwenye sufuria, basi, ni kama saa 16 kabatini. Hata siku moja haijatimia! Ili kufidia siku 21 unahitaji siku mbili na nusu hivi za nyuzi 50 bila kukatiza. Anayesema juisi yake "imeiva" kwa saa mbili hadanganyi kwa makusudi. Alichokionja ni juisi iliyochanganyika vizuri kwa mara ya kwanza, akadhani ndiyo iliyoiva.

Mwenye haraka atauliza: kwa nini tusipandishe hadi nyuzi 80 tumalize kwa saa nane? Kwa sababu moto hauchagui. Unaharakisha mazuri na mabaya kwa mpigo. Harufu za juu za matunda ni esta, kemikali nyepesi ambazo hupaa mara ukifungua kifuniko, nikotini inaoza kwa kasi ileile, na chupa ya plastiki ya PET huanza kulegea ikikaribia nyuzi 70. Kaa kati ya nyuzi 45 na 50. Nyuzi 60 ni ukingo wa shimo, si mahali pa kujenga.

Na si kila juisi inastahili moto. Embe, stroberi, tikiti na limau huwa tayari ndani ya siku moja hadi tatu. Ukizipasha unalipa gesi ili upoteze ladha. Limau ndilo linaloadhibu kuliko yote: likipikwa hugeuka harufu ya sabuni ya kudekia. Moto ni wa fleva nzito: kastadi, vanila, krimu, biskuti, karameli, tumbaku. Ukiwa na mchanganyiko wa aina mbili, tuseme krimu na stroberi, pasha krimu peke yake kwenye PG na VG, kisha tia stroberi ikishapoa.

Mfano ulio hapa chini umepangwa kwa hali ya Uingereza, ambako tangu 2016 nikotini ya kuuzwa rejareja haizidi miligramu 20 kwa mililita na chupa yake haizidi mililita 10. Wachanganyaji wa huko hununua hizo chupa ndogo, wanaziita shoti, na kuzimimina kwenye juisi isiyo na nikotini. Utaratibu huo unaifaa sana njia ya moto, kwa sababu nikotini haipaswi kupikwa kabisa. (Kwa msomaji wa Kampala: sheria ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku vepu zenyewe. Oman nayo imezuia kuuza. Sheria ya mahali ulipo itangulie sufuria. Na asiyevuta sigara hana sababu ya kuanzia hapa.)

Kastadi ya mililita 60, uwiano wa VG 70 kwa PG 30, nikotini miligramu 3 kwa mililita:

Fleva ya kastadi, ml 3.6
Fleva ya vanila, ml 1.8
Fleva ya krimu, ml 1.2
Fleva ya biskuti, ml 0.6
PG, ml 7.8 (gramu 8.1)
VG, ml 35 (gramu 44.1)
Shoti moja ya nikotini, ml 10, nguvu ya 18, nayo ya 70 kwa 30

Vitu sita vya kwanza vinatimia mililita 50, na hivyo ndivyo vinavyoingia motoni. Shoti inasubiri. Miligramu 18 mara mililita 10 ni 180. Gawa kwa 60 unapata 3. Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01 badala ya bomba la sindano, maana VG hubaki imeganda kwenye kuta za bomba na kila mara unapunjwa. Mililita moja ya VG ni gramu 1.26, ya PG ni gramu 1.04 kasoro kidogo, na fleva nyingi zilizoyeyushwa kwenye PG unaweza kuzihesabu gramu moja kwa mililita bila kukosea sana. Anza na fleva, fuatisha PG, VG iwe ya mwisho.

Kabla hujapima, tazama chini ya chupa ya fleva yenyewe. Jikoni pakiwa baridi, fleva tamu za peremende au karameli hushusha sindano nyeupe nyembamba, mithili ya chumvi iliyoganda. Mara nyingi hiyo ni etili maltoli, kiungo cha utamu, imejitenga. Ukipima juu juu unachukua fleva isiyo na utamu wake, na chupa ya mwisho itakuwa shubiri ya sukari. Isimamishe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka sindano ziyeyuke na chupa ing'ae, itikise, ndipo upime. Pengine hili ndilo tumizi bora kuliko yote ya moto katika kazi nzima, na hakuna anayelisifia.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia, ujazo wa mililita 100, ili hewa ipate nafasi ya kutanuka na wewe upate nafasi ya kutikisa. Kifuniko kiwe cha kawaida kisicho na kitone cha mpira. Mpira wa kitone hulegea kwa joto na kuachia harufu yake kwenye juisi. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini ya sufuria ili kioo kisiguse chuma, simamisha chupa, mimina maji ya bomba yasiyo moto hadi usawa wa juisi, yasifike kwenye kifuniko. Kisha washa moto mdogo, maji na chupa vipate joto pamoja. Kioo baridi kikitumbukizwa kwenye maji moto hupasuka, na gliserini iliyomwagika na vigae vya chupa ni kazi ya jioni nzima.

Weka kipimajoto ndani ya maji na ukiamini hicho, usiamini kitufe. Sufuria za umeme za kupikia polepole zinapendwa kwa kazi hii, lakini nyingi hupita nyuzi 60 hata kwenye alama ya chini kabisa. Ijaribu kwa maji matupu saa nzima kwanza. Kifaa chenye kidhibiti halisi cha joto la maji, kile cha kupikia nyama ndani ya mfuko, kinashika nyuzi 50 bila kutetereka na ndicho pekee kinachofaa kuachwa kikifanya kazi kwa saa nyingi. Jiko la gesi halilali na mtu. Maikrowevu haifai kabisa: inachemsha sehemu moja ya chupa na kuiacha nyingine baridi, na chupa iliyofungwa inaweza kulipuka. Mashine ya kusafishia vito kwa mawimbi ya sauti inachanganya vizuri, lakini nayo hupandisha joto taratibu usipoiangalia.

Kila nusu saa toa chupa, ifunge kwa taulo, legeza kifuniko kwa sekunde moja kuachia mgandamizo, kaza, tikisa dakika moja. Sasa iinue mbele ya taa na uiinamishe polepole. Juisi ambayo haijachanganyika inaonyesha michirizi inayocheza, ile unayoiona sukari ikiyeyuka kwenye chai kabla hujakoroga. Michirizi ikiisha, kazi ya kwanza imeisha. Kwa kawaida hiyo ni saa moja hadi mbili, na kwa watu wengi inatosha: zima, acha ipoe ndani ya maji yake, kisha ipeleke kabatini gizani wiki mbili badala ya tatu. Ukitaka kupunguza zaidi na una kifaa chenye kidhibiti, pasha saa 12 kwa siku mbili mfululizo, halafu acha wiki moja na siku chache. Kuruka hizo siku za mwisho ndiko kunakoleta malalamiko kwamba "moto haufanyi kazi".

Suala la kuacha kifuniko wazi linazua ubishi. Fungua tu pale fleva inaponuka pombe, kwa kuwa baadhi hutengenezwa kwa ethanoli. Nusu saa, juisi ikiwa imepoa, mbali na jiko linalowaka. Kuacha wazi ikiwa moto ni kumwaga manukato hewani: jikoni kutanukia kastadi mpaka sebuleni, na hiyo kastadi inayonukia sebuleni haimo tena ndani ya chupa.

Juisi ikishuka chini ya nyuzi 30, vaa glavu za nitrili, mimina shoti, tikisa dakika mbili. Nikotini hupenya ngozi na ni sumu kwa mtoto hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kifuniko kiwe cha kuzuia watoto, na sufuria hiyo isirudi kwenye mboga. Ukiipika nikotini pamoja na vingine utaijua kwa koo: inachoma kama pilipili manga na juisi inakuwa kahawia ya chai ya rangi. Wapo wanaoifurahia rangi hiyo wakiihesabu dalili ya kuiva. Nikotini iliyooza nayo ina rangi hiyo. Rangi haisemi lolote la uhakika; ulimi ndio unasema.

Matatizo mengine yana sababu za wazi. Juisi ikitema na kupasuka-pasuka kwenye koili (waya wa vepu unaoipasha juisi), yawezekana maji ya sufuria yalipenya kifuniko. Ikiwa haina ladha kabisa, ipe siku tatu kabla ya kuihukumu, halafu jiulize kama ulipita nyuzi 50. Ikiwa imetenga tabaka la juu linaloteleza, fleva yako ilikuwa ya mafuta, kama zile za kuokea keki. Moto unaweza kulificha tabaka hilo kwa muda, kisha likarudi chupa ikipoa. Hiyo hairekebishiki, mwaga. Mafuta hayavutwi mapafuni. Katika mlipuko wa maradhi ya mapafu wa Marekani wa 2019, uliohusishwa na vitamini E asetati, mafuta yaliyotiwa hasa kwenye bidhaa za bangi, hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, 68 kati yao wakiwa wamekufa.

Kwa anayetaka kujua kama moto unamlipa, changanya mililita 100 zisizo na nikotini, gawa chupa mbili sawa, moja ipashwe, nyingine ilazwe tu kabatini. Andika kwenye lebo tarehe, nyuzi na saa, kwa kalamu isiyofutika, maana vidole vyenye gliserini hufuta wino wa kawaida. Onja zote mbili siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 21, kila mara kwa pamba mpya, ile inayofyonza juisi kwenye koili. Pamba ya jana bado inaonja juisi ya jana.